Tunaouguza wazazi nyumbani, tupeane uzoefu: nyie mnalala saa ngapi?

Wakuu, habari za usiku. Ni saa tisa, alamu imelia, nimemgeuza mama na usingizi ndiyo umekata. Mama alipigwa na kiharusi mwaka juzi, upande wote wa kulia haufanyi kazi. Maneno yamebaki mawili, "haya" na "hapana", na mara nyingi anayabadilisha. Wodini walitufundisha kumgeuza kila baada ya saa mbili asitoke vidonda vya kulalia, basi na siku zangu zimekatika vipande hivyohivyo. Duka langu la vipodozi pale Mbagala nilimwachia mwenzangu kwa mwezi mmoja. Mpaka leo liko kwake.

Kuhusu mgonjwa nimeshauriwa mpaka nimechoka, kila anayekuja na mfuko wa machungwa ana dawa yake, na kabla hajaondoka nimpikie chai. Leo nauliza kuhusu sisi. Wiki iliyopita alitema uji kwenye shuka niliyotoka kuitandika, ya tatu asubuhi hiyo. Nilimshika taya. Sikumpiga, lakini nilimshika kwa nguvu, na aliniangalia. Nikaenda chooni nikakaa juu ya ndoo kama nusu saa. Sasa mtu akiniambia "una radhi ya mama wewe" natamani ardhi ipasuke.

Naomba msiniambie Mungu atanilipa. Najua. Niambieni nyie mnafanyaje.

Fundi Jiko
Pole dada. Mimi nilimuuguza mzee, saratani ya tezi dume, miaka miwili, na mimi ndiye mtoto wa kiume pekee niliyekuwa nyumbani. Siku ya kwanza kumuogesha alijifunika uso kwa shuka. Hatukuongea siku nzima. Baadaye tukapata ujanja, ingawa hakuna aliyeusema kwa mdomo: namwogesha saa mbili usiku wakati wa taarifa ya habari, redio juu kabisa, yeye anamgombeza waziri na mimi nasugua mgongo. Siku betri zikiisha tulikuwa tunaahirisha kuoga.
Kitu ambacho sikuambiwa na mtu ni kwamba haiishi siku ya kuzika. Arobaini ilipita na bado nilikuwa naamka saa nane kwenda chumbani kwake, nafika mlangoni ndiyo nakumbuka.

Mama Wawili
Mimi mwaka wa tano, mtoto ana mtindio wa ubongo. Nalala akilala. Sina la kuongeza.

Binti Likoni
Wa Mombasa mpo? Mimi ni nyanya yangu, amepotelewa na kumbukumbu. Huniita kwa jina la dadake aliyefariki, nami huitika tu, ntafanyaje. Majirani walisema ni mashetani, tukatoa pesa mara mbili za kupunga kabla ya kumpeleka kwa daktari. Siku moja nilimfungia mlango nikakimbia sokoni. Narudi nampata ameketi mlangoni kwa ndani, kavaa buibui, mkoba mapajani, asema feri imemwacha. Nilicheka, kisha nikalia, na wala sikujua nimebadilisha saa ngapi.

Nesi wa Zamu
Mleta mada, ulichofanya na taya ni dalili kwamba umechoka kupita kiasi, usikifiche, umefanya vyema kukisema. Kliniki tuna maswali tisa tunayouliza kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, kukosa raha na vitu ulivyokuwa unavipenda, kujiona huna maana. La mwisho linauliza kama umewaza kuwa heri ufe au ujidhuru. Siku hizi nawauliza na wanaowaleta wagonjwa, na nimesikia "ndiyo" kutoka kwa mtu aliyekuwa anacheka nami dakika mbili nyuma. Ikiwa jibu lako hapo ni ndiyo, usisubiri miadi, nenda leo.
Sonona, ile huzuni nzito maswali hayo yanayoipima, ni ugonjwa na unatibika. Hospitali ya mkoa wana kitengo cha afya ya akili, na ukionekana pale hujawa kichaa. Wenye wagonjwa wa saratani waulizie tiba shufaa, yaani ya kupunguza maumivu na mateso, hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar, wanayo, maana huduma hiyo humhesabu na anayeuguza.

Mtu wa Muscat
Mimi ndiye yule ndugu mnayemsema kwenye magrupu, anayeandika "tuzidi kumwombea". Natuma kila mwezi bila kukosa. Mdogo wangu aliwahi kuniomba shilingi elfu hamsini zaidi amlipe dada wa jirani amshikie baba Jumamosi. Nikaona uvivu. Nikamjibu pesa ni ya dawa na pampasi. Miezi minne baadaye akalazwa yeye, presha, na baba akabaki na watoto. Sasa ile elfu hamsini naituma kwanza, kabla ya dawa. Semeni mtakavyo.

Fundi Jiko
Hatukusemi, mkuu. Kidogo tu.

Mleta mada
Nimesoma zote, nyingine mara mbili. Nesi, yale maswali nimeyajibu mwenyewe jikoni. La mwisho ni hapana, manane yaliyobaki tusiyaongelee. Jumatatu naenda, mpwa wangu atakaa na mama mpaka saa saba mchana, nimemwonyesha jinsi ya kumkalisha wima kabla ya kumlisha asije akapaliwa. Mtu wa Muscat, maneno yako nimeyapeleka kama yalivyo kwenye grupu la familia. Wameyasoma kumi na moja, amejibu mmoja, ila huyo mmoja ametuma.

Fundi, redio nimeihamishia chumbani. Taarifa ya habari kaikataa kabisa. Nikatafuta stesheni yenye taarabu, akasema "hapana", nikataka kuzima, akanishika mkono kwa ule wa kushoto. Kumbe ilikuwa haya.