TSH (kipimo cha damu cha kuangalia tezi ya shingo) kupanda maana yake DAWA HAITOSHI, sio "homoni imezidi". Nimechoka kulipia ujinga wa watu

Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Naandika nikiwa na hasira na naomba asije mtu kuniambia "dada tulia", nimetulia toka Novemba na huko kutulia ndio kumenifikisha hapa.

Mimi sina tezi ya shingo. Nilikuwa na goita kubwa, 2019 nikafanyiwa upasuaji hapahapa Dar wakaitoa yote, toka hapo maisha yangu ni kidonge cha thairoksini (homoni ya tezi) kila siku asubuhi, maikrogramu 100, nauza vitenge vyangu nalala vizuri sina neno na mtu. Nikipima TSH inakuja 2 na kitu, dokta anasema safi tuonane mwakani.

Mwaka jana mwezi wa 8 nikawa nasikia kizunguzungu, kupima damu ndogo, nikapewa vidonge vya kuongeza damu, vile vyekundu vya madini ya chuma, kimoja asubuhi. Sawa. Nikawa nameza vyote kwa mpigo na chai ya maziwa kabla sijatoka, maana kama una watoto wa shule asubuhi mnajua wenyewe inavyokuwa. Aliyeniandikia hakuniuliza kama kuna dawa nyingine natumia na duka la dawa nao wameniandikia 1x1 kwenye kibahasha wakanipa chenji. Shikeni hapo, nitarudi.

Novemba nimeenda kliniki yangu (siitaji, wao wanajijua) nakuta dokta mpya, kijana. Majibu: TSH 14.6, pembeni imewekwa H (yaani iko juu), kawaida yao ni 0.4 mpaka 4. FT4 (homoni ya tezi iliyomo kwenye damu) ikawa 9, imewekwa L (yaani iko chini), kawaida yao 12 mpaka 22. Kijana akaangalia ile H tu. "Mama, homoni yako imepanda sana, tunapunguza dozi." Nikamwambia dokta mbona mimi nasikia baridi na uchovu, akaniambia homoni zikizidi mwili unachoka. Nikashushwa mpaka 50.

Jamani. Mtu hana tezi. Homoni izidi itoke wapi, kwenye kiatu? Ingezidi kama ningekuwa nabugia vidonge vingi, na kidonge ni kilekile cha miaka yote!

Kwa wasiojua, TSH sio homoni ya tezi ya shingo. Inatoka kwenye kitezi kidogo chini ya ubongo, kazi yake ni kuisukuma tezi ya shingo ifanye kazi. Ni kama konda anavyogonga bodi ya daladala, gari lisipoondoka anazidi kugonga. Ukikuta kelele za konda zimefika 14.6 jua gari halijaondoka, sasa huyu mwenzangu kasikia kelele akasema gari linakimbia sana akakanyaga breki. Na FT4, ambayo ndio homoni yenyewe, ipo palepale mstari wa chini imeandikwa L. Mstari wa chini!

Haikuishia hapo. Akanirudisha baada ya wiki 2, TSH 22. "Bado inapanda, tupunguze tena." Nikawekwa 25. Mimi nimesoma mpaka form four sio daktari nikasema yeye ndio anajua. Kwanza nilikuja kuelewa baadaye kwamba hata kupima baada ya wiki 2 ni kutupa hela, hii dawa inakaa sana mwilini, wiki nzima inapita ndio nusu yake imeisha, kwa hiyo ukibadilisha dozi unasubiri wiki 6 mpaka 8 ndio unapata picha yenyewe. Bima ikagoma kulipa kipimo cha pili kwa sababu ni karibu mno na cha kwanza, nikatoa 75,000 mfukoni, na kwa hilo siwalaumu hata bima.

Januari. Joto la Dar la Januari mnalijua. Mimi nimepanda daladala na sweta, konda ananiuliza dada umeshuka leo kutoka Makete? Gari zima wakacheka na mimi nikacheka, nimefika nyumbani nikalia. Sauti imekuwa nzito kama ya baba mkwe, uso umevimba, choo siku 5 hakuna, hedhi inatoka kama bomba limepasuka (na damu yenyewe ndogo!), nywele zinabaki kwenye chanuo, nasimama jikoni nasahau nimefuata nini. Shangazi akaanza mambo yake ya kwamba kuna mtu ananichezea. Nikamwambia shangazi anayenichezea namjua na ana koti jeupe.

Nikaenda kupima maabara nyingine. TSH 68. FT4 0.4. Nikampelekea yuleyule kijana, akashtuka, "imeshuka kutoka 9 mpaka 0.4 haiwezekani, mashine yao mbovu, rudia hapa." Nikarudia, nikalipa TENA. Kumbe wakuu zile namba zimeandikwa kwa vizio viwili tofauti, maabara moja inaandika pmol/L nyingine ng/dL, ukitaka kuoanisha hiyo 0.4 unazidisha kwa karibu 13 unapata 5. Kwa hiyo ilishuka kutoka 9 mpaka 5, ni vibaya lakini sio uchawi na mashine ilikuwa nzima. Imeandikwa pembeni ya namba, na safu ya kawaida ya maabara hiyo ipo palepale. Kusoma tu.

Jirani akanipeleka kwa mzee mmoja mtaalamu wa homoni. Foleni masaa 4, ameniona dakika 20. Swali lake la kwanza: "Mwanangu, hiyo dawa unaimezaje?"

Miezi mitano hakuna aliyeniuliza hilo swali!! Nikamweleza chai ya maziwa, vidonge vya damu, vyote pamoja. Akavua miwani. Akaniambia madini ya chuma yanaikamata thairoksini tumboni inapita bila kuingia kwenye damu, na maziwa nayo yanachangia, inatakiwa tumbo tupu na maji matupu, chai baada ya saa nzima, vidonge vya damu viwe mbali angalau masaa 4, akanihamishia usiku. Vidonge vya chokaa ya mifupa na vya kiungulia navyo hivyohivyo. Akapiga hesabu, asiye na tezi kabisa wanaanzia kama maikrogramu 1.6 kwa kila kilo, mimi nina kilo 68 inakuja kama 109, akasema hiyo 100 yako haikuwa na kosa lolote. Akanipima moyo kwanza ndio akanirudisha 100.

Akauliza pia kama natumia vidonge vya nywele. Natumia, si zinakatika, nilinunua vile vya biotini kwa dada wa Instagram. Kumbe navyo vinaweza kuidanganya mashine, TSH ikaonekana imeshuka na FT4 imepanda wakati sio, akataka niviache siku kadhaa kabla ya kupima. Na siku ya kupima nitolewe damu kwanza ndio nimeze kidonge.

Baada ya wiki 8 TSH 5.2, FT4 15. Bado ina H lakini hakuongeza dozi, anasema TSH huwa inachelewa kushuka hata homoni ikishakaa sawa, tupime tena baada ya wiki 6. Sweta nimeshalirudisha kabatini.

Juzi nimeenda ile kliniki ya mwanzo kuomba nakala ya faili langu nimpelekee mzee. Dada wa mapokezi akanichaji 10,000 ya fotokopi, nikalipa. Nimefika nyumbani nahesabu karatasi, ya Novemba haimo. Ile yenye H na L.

Bahati yao mbaya niliipiga picha siku ileile, ninayo kwenye simu, na kesho asubuhi nikishameza kidonge changu na maji matupu nakwenda kumwona mganga mfawidhi wao.