Kichwa cha tripodi kwa laki moja, nichukue kipi?

kijana_malindi: Salaam alaikum wakuu, miguu ya tripodi ninayo mizuri tu ila kichwa kimechoka, kamera na lenzi ya zoom ya 70-200mm ni kama kilo mbili na nusu, nikielekeza majahazi pale Forodhani jioni inainama yenyewe taratibu. Nina laki moja, cha gololi (kinazunguka kila upande) au cha mkono (kina mpini wa kukigeuza)? Video za harusi mara mojamoja.

baharia_pemba: Waalaikum salaam. Picha? Gololi, unakaza skurubu moja umemaliza. Ila kilo za kwenye boksi usiziamini yakhe, zile za matangazo, tafuta kilichoandikwa kilo nane kwenda juu. Halafu lenzi ikiwa na pete yake ya tripodi funga kwenye pete, sio kwenye kamera, maana uzito wote uko mbele ndo mana inainama.

bi_mkunazini: Na harusi je? Gololi kwenye video itakutoa roho, ukimfuata bibi harusi inarukaruka. Video cha mkono, na vya bei hiyo vingi ni grisi tu ndani hata wakiandika fluid, yaani chenye mafuta ndani ya kulainisha mwendo.

kijana_malindi: Picha ndo nyingi, basi gololi. Cha mtumba je?

baharia_pemba: Sawa, kaza kisha bonyeza lenzi kwa mkono, kikiteleza muachie mwenyewe. Angalia pleti ya kushikia kamera iwe ya Arca-Swiss, aina inayotumika na wengi, na skurubu ya miguu yako kama ni ya inchi 3/8 au 1/4, isipolingana adapta rahisi tu.

bi_mkunazini: Ukitoka pwani kifute kwa kitambaa cha maji matamu, chumvi inakula hivyo vitu