Re: Draiva za laptopu ya gemu: duka linanirusha, na kijana yuko Jang'ombe, Unguja, anasubiri

Mwana wa Mkunazini (Milton Keynes)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naombeni msaada wa haraka kwa mwenye kujua.

Mwezi wa kumi na moja nilimnunulia mtoto wa dada yangu laptopu ya gemu, ya mkono wa pili iliyokarabatiwa, kutoka duka moja la hapa. Tangazo liliandika kuwa iko tayari kwa gemu mpya zote. Ina kadi ya grafiki GTX 1070 ya NVIDIA na prosesa i7-7700HQ. Nikampa mama mmoja aliyekuwa akirudi nyumbani, ikafika salama na chaja yake nzito kama tofali.

Kijana anatengeneza video za harusi mchana, usiku anacheza gemu ya mpira na wenzake. Wiki iliyopita kasasisha programu yake ya kuhariri, ikamwambia draiva, ile programu inayoiendesha kadi ya grafiki, ni ya zamani. Kutafuta mpya, mwisho ni toleo la 580, hakuna ya mbele. Nimelipigia duka: siku 30 za kurudisha zimepita, na vyovyote iwavyo mashine iletwe kaunta waione. Draiva, wanasema, ni kazi ya kiwanda. Kiwanda nacho kinasema waranti ilikwisha zamani, rudi ulikonunua. Siku tatu nimeshika simu, kila mmoja ananionesha mlango wa mwenzake.

Masuala mawili. CRA 2015, sheria ya haki za mnunuzi ya Uingereza, inanilinda au hainilindi? Na nikirudishiwa pesa zangu, ninunue ipi itakayopata draiva walau miaka sita?

Bi Mtoni (Copenhagen)

Waalaykum salaam mwanangu, pole sana. Mie yamenikuta na yangu ilikuwa mpya kabisa, nimeitoa kwenye nailoni mwenyewe. 2021 nilimnunulia binti yangu laptopu yenye grafiki ya MX350, nayo ya NVIDIA. Chip yenyewe ilitoka 2020, nikaona hii bado mbichi. Kumbe ndani yake ni Pascal, ukoo uleule wa GTX 1070 yako, wa 2016. Kwa hiyo Oktoba 2025 NVIDIA walipoifungia Pascal, na yake ikafungwa. Nilidhani nimenunua kitu cha mwaka mmoja, nimenunua cha miaka mitano.

Usihesabu tangu siku uliyolipa. Hesabu tangu ukoo wa chip ulipozaliwa. Hilo ningeambiwa mapema ningeshukuru.

Huku Ulaya tangu 2022 sheria inamtaka muuzaji wa kitu chenye programu ndani ahakikishe masasisho yanapatikana kwa muda ambao mnunuzi ana haki ya kuutarajia. Mdai hilo.

Shangani Juu (London)

Bi Mtoni, kwa heshima, hilo ni la EU. Uingereza imeshatoka, haimsaidii. Yeye ana CRA 2015 tu, na hoja yake iwe kwamba mashine hailingani na tangazo. Asitaje draiva hata kidogo, ataje yale maneno ya tangazo. Ulilihifadhi? Na ulilipa kwa kadi gani? Kama ni ya mkopo na bei imepita pauni 100, achana na duka, nenda S75, kifungu cha kuidai kampuni ya kadi yenyewe.

Fundi wa Mlandege (Unguja)

Mimi niko nyumbani, kazi yangu ni hizi mashine, na nasoma humu watu wanatishana bure. "Imefungwa" maana yake nini? Draiva iliyomo haifutiki. GTX 1070 hiyo itawaka kesho na keshokutwa. Kilichokwisha ni zile draiva za kila gemu mpya. Viraka vya usalama NVIDIA wameahidi kila robo mwaka mpaka Oktoba 2028.

Kwa kijana wa harusi tatizo ni CUDA, programu ya NVIDIA inayoziwezesha programu nyengine kuitumia kadi kwa kazi nzito. Toleo la 13 limeiacha Pascal, na programu za kuhariri zinahamia huko. Arudishe toleo la nyuma la programu yake, abaki na 580, afunge masasisho ya otomatiki. Kazi itatoka. Akitaka aje dukani kwangu, simtozi.

Ila kuna jambo hamjaligusa. i7-7700HQ haimo kwenye orodha ya Windows 11, na Windows 10 Microsoft waliimaliza tarehe 14 Oktoba 2025. Mwezi uleule mmoja mashine imepoteza mguu wa kushoto na wa kulia. Aliyeiuza Novemba akaandika "gemu mpya zote" alikuwa anajua, au alipaswa kujua.

Mpemba wa Muscat

Suluhisho ni kadi za AMD, washindani wa NVIDIA, na Linux badala ya Windows, tumalize. Draiva za AMD kwenye Linux ziko wazi, watu wanazitengeneza wenyewe, kadi za 2012 mpaka leo zinapata maboresho. Mie nina ya hivyo hapa ofisini, haijanisumbua.

Fundi wa Mlandege (Unguja)

Bwana, hiyo nusu tu. Kwenye Linux sikatai. Lakini kijana wa harusi hatumii Linux, na hao rafiki zake hawatumii. Kwenye Windows AMD hao hao Oktoba 2025 walitangaza kuwa kadi zao za RX 5000 na RX 6000 wanaziweka pembeni kwa matengenezo tu. Watu wakapiga kelele, wakarudi kusema gemu mpya bado zitaangaliwa. RX 6000 ni ya 2020! Miaka mitano, na jasho la mteja halijakauka.

Na majina yao ndiyo mtego mkubwa. Prosesa yao Ryzen 7 7730U inaonekana ya 2023, ndani grafiki ni ukoo wa Vega wa zamani. 7735HS, tarakimu zinakaribiana, ni RDNA 2, ukoo mpya zaidi. Juzi kaja mama na boksi lake, kanunua kwa mwanawe anayeanza chuo kikuu, kafurahi, stika inang'aa. Nikaitafuta prosesa yake mtandaoni mbele yake, nikamwonesha neno Vega. Alikaa kimya, akalipapasa boksi kama mtu anayefunga mtoto shuka. Sikuwa na la kumwambia zaidi ya kuwa kwa kuandika na kusoma itamfaa.

Na laptopu si kompyuta ya mezani. Kepler, ukoo wa NVIDIA wa kabla ya Pascal, ya mezani ilipata draiva za gemu mpaka 2021, ya laptopu waliiacha Aprili 2019. Ukoo mmoja, mwaka mmoja wa kuzaliwa, laptopu ikatangulia miaka miwili. Safari hii Pascal zimeondoka pamoja, lakini mimi hesabu zangu huwa nazifanya kwa ile ya laptopu. Ya mezani unachomoa kadi unaweka nyengine. Ya laptopu kwa kawaida imechomelewa kwenye bodi.

Mama Wawili (Toronto)

Nyote mnasema ya chip, hakuna anayesema ya kuirudisha hiyo mashine Uingereza. Duka limesema iletwe kaunta! Mimi nilituma simu nyumbani, ikarudi kutengenezwa, nikatozwa kama naingiza mpya. Mwana wa Mkunazini, risiti yako ina namba ya siriali? Bila hiyo itakuwa tabu kuipata RGR, ile nafuu ya kodi kwa kitu kinachorudi Uingereza. Na huko Unguja ikiingia tena watamdai kijana ushuru.

Shangani Juu (London)

Ushuru wa forodha kwa laptopu ni sifuri kwenye viwango vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, dada. VAT ndiyo habari nyengine. Tusichanganye, watu wanasoma humu halafu wanaenda kugombana na ofisi kwa maneno yetu.

Mama Wawili (Toronto)

Nilisema ushuru kwa maana ya walichonitoza mkononi. Uite utakavyo, nililipa.

Mpemba wa Muscat

Na ikiwa kijana anachaji laptopu ya wati 230 kwa Tukuza, umeme wa kulipia kabla wa Zanzibar, si ajabu ikafa kwa umeme kabla ya draiva. Mnunulieni stabilaiza kwanza.

Bi Mtoni (Copenhagen)

Umeme umenikumbusha mbali. Ile miezi mitatu ya giza Unguja, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, nilikuwa nimekwenda likizo nikaikuta. Waya wa umeme wa chini ya bahari umeharibika pale Fumba, mji mzima kandili. Jirani yetu mwenye jenereta alipanga simu za mtaa barazani, kila moja na kikaratasi cha jina, watoto wanazilinda. Usiku unasikia sauti tu za watu wanaopita, unawajua kwa kukohoa. Nilitaabika, na leo nalia kwa kuukumbuka usiku ule.

Mpemba wa Muscat

Sie Pemba wakati ule tulikuwa na majenereta ya Wesha, waya kutoka Tanga ukaja baadaye, 2010. Mama alikuwa akitupigia simu kutoka Pemba, sie tuliokuwa Unguja, kutupa pole! Mara ya kwanza maishani Pemba kuipa Unguja pole ya umeme.

Babu wa Wete (Portsmouth)

Wanangu, nimewasoma. Nina miaka arubaini nchi hii. Tunapeleka laptopu, tunapeleka stabilaiza, tunapeleka dawa, lakini tukishika pasi ya huku, kule tunahesabiwa wageni. Sheria ya uraia ya 1995 haijatupa uraia pacha, na kila mkutano wa ubalozi tunaambiwa tusubiri. Huyo kijana angekuwa na mjomba mwenye haki ya kufungua duka la kompyuta Jang'ombe bila kuomba kibali cha mgeni, asingengoja mzigo wa abiria.

Mwana wa Mkunazini (Milton Keynes)

Babu shikamoo, umesema kweli. Nawashukuru nyote.

Nililipa kwa debiti, kwa hiyo S75 sina. Tangazo nilipiga picha, ninayo. Siriali iko kwenye risiti. Kijana amefuata ya Fundi, amerudisha toleo la nyuma, na harusi ya Jumamosi ya Kwahani ameimaliza, Alhamdulillah. Dada kanitumia kipande, bibi harusi anashuka ngazi.

Lakini suala langu la pili bado. Nikirudishiwa pesa, RTX 4060 ya laptopu ni ya 2023, RTX 5060 ni ya 2025 na imenizidi pauni 250 juu ya bajeti. Miaka miwili ya umri wa chip ina thamani ya pauni 250 au haina? Fundi, wewe ungemnunulia mwanao ipi?

Fundi wa Mlandege (Unguja)

Umeme umekatika huku, naandika kwa simu, chaji ni kidogo. Nitakujibu nikirudi hewani.

Mama Wawili (Toronto)

Kuna anayeondoka London kwenda Unguja kabla ya Ramadhani mwenye nafasi ya kilo mbili? Nina dawa za presha za mama, na boksi la stabilaiza kama litaingia.