Kompyuta ya mezani kwa shangazi mstaafu, bajeti ni shilingi 45,000: naomba mnikosoe

Mpwa_wa_Luanda

Wanajukwaa, nawasalimu nikiwa Kisumu. Shangazi yangu, ambaye sisi nyumbani tunamwita senje, alistaafu ualimu na sasa anaishi Luanda, kaunti ya Vihiga. Yeye ndiye mwekahazina wa chama cha akina mama, na kila kunapotokea msiba kijijini, ratiba ya mazishi huandikwa na yeye. Kazi hiyo yote anaifanya kwenye simu, miwani ikiwa imemteremkia puani, na macho yameanza kumsumbua. Nimeamua kumuundia kompyuta ya mezani yenye skrini kubwa.

Mahitaji yake si mengi. Anaandika barua, anaweka jedwali la michango ya chama, anawasilisha ritani za KRA (mamlaka ya mapato ya Kenya) kabla ya tarehe 30 Juni, anatazama mahubiri YouTube, na Jumapili jioni anazungumza kwa video na binti yake aliye Uingereza. Michezo ya kompyuta haimhusu hata kidogo.

Nimepanga kununua prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel Core i3-12100F, kwa kuwa nimeiona ni nafuu kuliko i3-12100 ya kawaida, pamoja na ubao mama wa H610 (ubao unaounganisha sehemu zote), RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 8, SSD (diski ya kuhifadhia kazi) ya GB 256, kasha lenye pawasaplai yake, skrini ya inchi 22, kibodi na kipanya. Bajeti yote ni shilingi 45,000. Sijawahi kuunda kompyuta mwenyewe, ila nimetazama wengine wakiunda mara nyingi. Je, kuna mahali nimekosea?

Fundi_wa_Kondele

Ndugu, usitume pesa kwa mtu yeyote kabla ya kumaliza kusoma hapa. Herufi F iliyo mwishoni mwa jina la prosesa hiyo ina maana kwamba haina sehemu ya kutoa picha, na ndiyo sababu umeiona ni nafuu. Bila kadi ya picha ya kununuliwa kando, ungeunganisha kila kitu, feni zizunguke, taa ziwake, na skrini ibaki nyeusi hata kama ubao mama una tundu la HDMI la kuunganishia skrini. Niliwahi kuletewa kompyuta ya namna hiyo na mteja ambaye alikuwa amekwisha kubadilisha skrini mara mbili akidhani ndizo mbovu. Kwa kazi za senje unataka i3-12100 isiyo na F, na kadi ya picha haitahitajika.

Hata hivyo, mimi nisingeunda mpya kwa bajeti hiyo. Tangu mwishoni mwa mwaka wa 2025 bei ya RAM imepanda duniani kote kwa sababu vituo vya data vya akili unde (AI) vinainunua kwa wingi, na anayeumia ni mtu kama wewe anayetaka kipande kimoja tu. Tafuta kompyuta ndogo za ofisini zilizotumika, zile zinazoletwa kutoka Ulaya na ambazo huuzwa zikiwa tayari na RAM na diski ndani. HP EliteDesk 800 G4 Mini, Dell OptiPlex 3060 Micro na Lenovo ThinkCentre M720q zote ni za kizazi cha nane cha prosesa za Intel. Mashine hizo zinatoshana na kitabu kinene, zinatumia adapta ya nje kama ya laptopu, na prosesa zake zenye herufi T, kwa mfano i5-8500T, zimeundwa kutumia wati 35 tu.

Nakusisitizia kizazi cha nane kwa sababu moja. Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, ukiacha prosesa chache sana, haikubali rasmi prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi hicho. Muuzaji atakuonyesha EliteDesk 800 G3 inayofanana kabisa na G4 kwa nje na kukuambia ni ile ile. Si ile ile. Mwombe aiwashe, usome jina la prosesa kwa macho yako: tarakimu ya kwanza baada ya alama ya kistari iwe 8 au 9, au iwe na tarakimu tano zinazoanza na 10 kwenda mbele.

Dada_wa_Nakuru

Namheshimu fundi, lakini sioni ni kwa nini mnamnunulia mzee kompyuta ya mezani mahali ambapo stima hukatika. Mamangu yuko Njoro, na tulimpa laptopu iliyotumika ya kizazi hicho hicho cha nane. Stima ikipotea, yeye anaendelea kuandika bila hata kugundua. Kamera imo, maikrofoni imo, spika zimo. Katika orodha ya mwuliza swali sijaona kamera wala maikrofoni, ilhali amesema mazungumzo ya video ni ya kila Jumapili. Senje atazungumza na binti yake kwa kutumia nini?

Mpwa_wa_Luanda

Asanteni sana. Suala la F lingeniaibisha mbele ya familia nzima, na suala la kamera sikuwa nimelifikiria kabisa.

Dada, laptopu tuliizingatia. Shida ya kwanza ni macho, kwani skrini ya inchi 14 haimsaidii sana kuliko simu. Shida ya pili ni wajukuu. Kitu chochote kinachobebeka katika boma lile hubebwa, na senje mwenyewe amesema anataka kitu kizito kisichotoka sebuleni.

Nimebaki na maswali mawili. Je, kompyuta ndogo hizo zinahitaji UPS (betri ya kushikilia stima inapokatika) ya ukubwa gani? Pia, binamu yangu ananishauri niweke Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, ili nisihangaike na leseni. Je, senje ataweza kuitumia?

Mwalimu_Kakamega

Nafundisha somo la kompyuta huku Kakamega na nimepoteza mashine nyingi kwa stima kuliko kwa uzee, kwa hiyo nitaanza hapo.

UPS ya VA 650 inatosha. Kompyuta ndogo pamoja na skrini ya LED, kwa kazi za kuandika, hazifiki hata nusu ya uwezo wake, na utapata muda wa kutosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Usichomeke printa ya leza upande wa betri, kwa sababu inapopasha moto huvuta stima nyingi kwa ghafla. Ruta, kama ipo, ichomeke humo, kwani inatumia kidogo na mtandao utabaki hewani.

Kinachoua vifaa huku kwetu mara nyingi ni stima kurudi kwa kishindo baada ya kukatika, na juu ya hiyo kuna radi. Anayeishi ukanda huu wa Ziwa Victoria anajua mvua za alasiri zinavyokuja. UPS haiwezi kuzuia radi inayopiga karibu na nyumba. Mfundishe senje kuchomoa waya ukutani mawingu yanapokusanyika, pamoja na waya wa mtandao ikiwa upo, kwa maana radi hupitia huko pia. Kabla ya yote, mwite fundi wa stima apime kama tundu la ardhi la soketi ya sebuleni limeunganishwa kweli na waya unaozama ardhini. Katika nyumba nyingi za zamani tundu lipo kwa sura tu, na ukigusa kasha la chuma la kompyuta unahisi mkono ukiwashwa.

Kuhusu Linux, nimeitumia maabarani kwa miaka kadhaa na naipenda. Linux Mint 22 itapata masasisho hadi mwaka wa 2029, haina gharama, na programu yake ya ofisi, LibreOffice, inafungua barua na majedwali bila matatizo makubwa. Hata hivyo, swali la kujiuliza ni nani atakayemsaidia senje siku ambayo wewe uko Kisumu na simu yako imezimwa. Ikiwa kijana jirani anayemtengenezea simu anajua Windows pekee, basi mwekee Windows. Mashine nyingi za ofisini huja na leseni iliyofungamana na ubao mama, kwa hiyo ukiisakinisha upya itajitambua yenyewe ikipata intaneti, mradi utumie toleo lile lile. Thibitisha hilo dukani, katika mipangilio ya uwezeshaji, kabla ya kulipa.

Kuhusu macho, chukua skrini ya inchi 24 yenye pikseli 1920 kwa 1080 badala ya ile ya inchi 22. Idadi ya pikseli ni ile ile, kwa hiyo kila herufi inakuwa kubwa zaidi. Kisha ongeza ukubwa wa maandishi hadi asilimia 125. Ikiwa pesa hazitoshi, heri upunguze diski kuliko kupunguza skrini, kwa sababu barua na majedwali ya chama hayatajaza GB 128 katika maisha yake yote.

Fundi_wa_Kondele

Mwalimu amenena. Naongeza mambo machache ya dukani. Mashine nyingi za aina hii huja bila kadi ya Wi-Fi kwa sababu ofisini zilitumia waya, kwa hiyo uliza, au unganisha simu kwa waya wa USB ili itoe mtandao. Baadhi yake pia zina tundu la skrini la DisplayPort bila HDMI, basi nunua waya unaofaa siku hiyo hiyo usije ukafika Luanda ukakosa njia ya kuunganisha skrini. Hakikisha vilevile kwamba BIOS (programu inayoiwasha mashine) haina nywila ya mwenye mashine wa kwanza.

Mpwa_wa_Luanda

Nimempigia senje na kumsomea yote haya. Amekubali skrini ya inchi 24, amekataa Linux, na amesema fundi wa stima aje hata kama kompyuta haitanunuliwa, kwa kuwa friji yake pia humwasha mkono. Jumamosi nitakwenda kutazama ThinkCentre moja mjini. Muuzaji amekiri kwamba kila ikichomolewa kwenye stima tarehe yake hurudi nyuma miaka kadhaa. Je, niachane nayo?

Mwalimu_Kakamega

Usiachane nayo kwa sababu hiyo pekee. Hiyo ni betri ndogo ya CR2032 iliyo juu ya ubao mama, na hubadilishwa kwa dakika chache. Ila ibadilishe kabla ya kumpelekea, kwa sababu tarehe ikiwa ya uongo tovuti za benki na za KRA zitakataa kufunguka, na senje atakayekuwa anachomoa waya kila mvua ikinyesha atakupigia simu kila mvua ikikatika.