Shule imeanika watoto wetu mtandaoni, ukiuliza unajibiwa "kwani mwanao ni mtoto wa Rais?"

Mama Mbili Tegeta (mleta uzi)

Wakuu, naandika mikono bado inatetemeka.

Shule mnaijua. Na huyo bwana mnamjua, yule wa tovuti, anayetembea na mafunguo ya chumba cha kompyuta kiunoni utafikiri bwana jela. Jina silitaji. Waliosomesha pale wameshaelewa.

Asubuhi hii napigiwa simu na namba ngeni. Mwanao wa darasa la pili ameanguka, tupo naye hospitali, daktari anataka laki na nusu ya kipimo, tuma haraka kwenye namba hii. Akanitajia mwanangu majina yote matatu. Akataja mkondo. Akataja na basi analopanda! Nimeacha duka wazi, nimedandia boda mpaka shuleni, namkuta mtoto mzima anakunywa uji na wenzake.

Sasa tapeli kayapata wapi yote hayo? Mzazi mwenzangu akaniambia fungua tovuti ya shule, sehemu ya matangazo. Lahaula! PDF nzima: "Wanafunzi wanaodaiwa ada na nauli." Jina, picha ya pasipoti, darasa, jina la mzazi, namba ya simu, deni, kituo anachoshukia mtoto na SAA anayoshuka. Walichobakiza ni kuandika anapenda pipi ya rangi gani. Haina nywila, haina kizuizi. Ukiandika jina la mwanangu Google, inakuja ya kwanza.

Nikaandika kwenye grupu la wazazi, kwa adabu kabisa: mwalimu, naomba ile orodha iondolewe, matapeli wameshaanza kuitumia. Bwana yule akanijibu mbele ya wazazi wote: "Kwani mwanao ni mtoto wa Rais?" Kisha akafunga grupu, wakabaki wanaandika maadmini peke yao.

Mtoto wa Rais ana walinzi. Wangu ana begi na chupa ya maji. Ndiyo maana nataka kituo chake kisijulikane!

Ada tulikubaliana na mhasibu nilipe kwa awamu, na nalipa. Deni langu si tangazo. Ila hata deni nalisamehe. Kituo na saa, pembeni kuna picha ya sura yake, halafu unaniuliza kama ni mtoto wa Rais?

Kidume cha Kimara

Lipa ada dada, orodha itakutoa yenyewe.

Bi Shamsa

Kidume, una mtoto wewe au una simu tu? Kuna watu wanatafuta watoto wa kuwasubiri vituoni, na hapa wamepewa ratiba. Pole sana mama.

Wakili wa Mtaani

Mleta uzi, acha kubishana na huyo bwana grupuni. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume inayoisimamia. Taarifa zinazohusu watoto sheria imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Shule inayokusanya taarifa hizo inatakiwa iwe imesajiliwa na Tume. Andika barua ya malalamiko, ambatanisha picha za skrini na linki ya ile PDF. Wenzetu Kenya, mwaka 2023, shule moja ya Uthiru ilipigwa faini ya shilingi 4,550,000 za kwao kwa kuweka picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Hizo zilikuwa picha tu, wala hakukuwa na kituo cha basi.

Mama Mbili Tegeta

Asante Wakili. Picha za skrini ninazo, mpaka ile ya "mtoto wa Rais" ninayo. Hiyo naichapa na rangi.

Fundi Waya

Kama wa kazi hizi nasema: wakiifuta leo bado haijaisha. Google imeshaiorodhesha, inabidi mwenye tovuti aombe iondolewe kwenye matokeo ya utafutaji, na waliokwisha kuipakua wanayo. Orodha ya madeni haina sababu ya kupandishwa kwenye tovuti hata kwa dakika moja, kila mzazi atumiwe ujumbe wake peke yake. Nimeshasafisha tovuti za shule mpaka nimechoka. Mtumiaji anaitwa "admin", nywila ni jina la shule na mwaka iliyofunguliwa, wanaitumia walimu wote pamoja na aliyehama zamani. Programu haijasasishwa tangu siku iliyowekwa. Halafu wanashangaa ukurasa wa mahafali umejaa linki za kamari za Indonesia. Kila mtu awe na akaunti yake, anayeondoka yake ifungwe siku hiyohiyo, uthibitisho wa hatua mbili uwashwe. Na picha za watoto zisipandishwe zilivyotoka kwenye simu, nyingine zinabeba mahali zilipopigiwa.

Kidume cha Kimara

Fundi kaleta semina, watu tulikuja kumcheka mama wa laki na nusu.

Chaki Nyeupe

Mimi ni mwalimu, na mtanisamehe. Hiyo kazi hatukuiomba. Nafundisha Hisabati, siku moja mkuu akaniita: wewe bado kijana, shika na tovuti. Sikupewa mafunzo wala hata senti ya bando. Orodha inatoka kwa mhasibu, mkuu anasema pandisha, napandisha. Nikikataa naitwa mkaidi.

Bi Shamsa

Mwalimu, umeagizwa na mkuu, sawa. Hilo jibu la mtoto wa Rais nalo, huyo mwenzako aliagizwa na mkuu?

Mama Mbili Tegeta

MWULIZE! Mimi nilimwandikia "naomba". Naomba, mwalimu. Jibu likawa lile.

Baba Pacha

Nyie mna nafuu mna tovuti. Ya kwetu tangazo la mwisho ni la kabla ya korona. Ila matokeo ya mitihani ya ndani wanayabandika getini, wa kwanza mpaka wa mwisho, muuza ice cream anayasoma. NECTA wenyewe Januari 2023 waliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora, hawa wa kwetu wanataka mpaka mpita njia ajue nani kashika mkia.

Mke wa Mwenyekiti

Getini afadhali. Sisi tunadaiwa mchango wa mahafali ya darasa la saba, mwanangu yupo la tatu!

Baba Pacha

Na sweta je? Lazima ununue shuleni, la Kariakoo wanalikataa. Langu la shuleni limefumuka nyuzi kabla ya likizo.

Kidume cha Kimara

Sweta kwa joto hili la Dar?

Mke wa Mwenyekiti

Lipo kwenye orodha ya kujiunga, mawili, na nembo inashonwa kwa fundi wao tu. Nembo peke yake elfu saba.

Baba Pacha

Elfu saba? Sisi tumetozwa kumi. Huyo fundi yuko wapi, nipe uelekeo nimfuate kesho.