Uhandisi umeme Asia: UTM Malaysia, ufadhili wa CSC China, au KAIST Korea? Naomba ulinganisho

kijana_wa_PCM (Tanga)

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari za jioni.

Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, tahasusi ya PCM. Nimepata divisheni I ya pointi 7: Hisabati B, Fizikia B, Kemia C. Nataka kusoma uhandisi umeme, hasa mambo ya gridi. Bwawa la Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, na umeme wake unasafirishwa kwa kilovolti 400 hadi Chalinze. Natamani siku moja niwe miongoni mwa wanaoshughulika na laini kama ile.

Vyuo vya nyumbani nimeomba, sijavidharau. Lakini nimepekua sana vyuo vikuu vya teknolojia vya umma huko Asia na nimebakiwa na vitatu: UTM ya Malaysia kwa kujilipia, Harbin ya China kwa ufadhili wa serikali yao (CSC), na KAIST ya Korea Kusini.

Baba ni fundi magari, mama anauza vitenge. Wanasema watajinyima, ila sitaki wauze kiwanja kwa ajili yangu. Kuna wakala mjini anataka shilingi milioni moja na nusu za "kufungua faili", anadai bila yeye hakuna chuo kitakachonijibu. Ni kweli?

Waliopita huko naomba mnilinganishie: lugha ya darasani, pesa inayotoka kabla hujakanyaga chuo, na cheti kikirudi nyumbani kinapokewaje. Nawasilisha.

mtoto_wa_Skudai

Karibu mdogo wangu. Niko UTM mwaka wa tatu, uhandisi umeme, kampasi kuu ya Skudai pale Johor Bahru.

Nianze na wakala: usimpe hata shilingi. Maombi unajaza mwenyewe kwenye tovuti ya chuo, unapakia matokeo, pasipoti na cheti cha mtihani wa Kiingereza. Ukipokelewa, mambo ya viza yanapitia chombo kimoja tu kinachoitwa EMGS, na chuo ndicho kinachokupeleka huko. Unafuatilia asilimia zinavyopanda hadi itoke barua ya idhini ya viza, wenyewe tunaiita VAL. Usikate tiketi kabla haijatoka. Mwenzetu mmoja aliingia kama mtalii akidhani atamalizia huku. Ikabidi atoke nchini na kuingia upya, nauli mara mbili.

Ukishafika, ndani ya siku 7 unapimwa afya, halafu pasipoti inachukuliwa kwa ajili ya pasi ya mwanafunzi. Unaweza kukaa wiki kadhaa huna pasipoti mkononi, kwa hiyo piga nakala mapema. Pasi inahuishwa kila mwaka, na wanaangalia mahudhurio na matokeo.

Sasa pesa. Watu wanapiga hesabu ya ada wanadhani wamemaliza. Kinachoumiza ni ule mwezi wa kwanza: ada ya muhula, malipo ya EMGS, bima, kipimo cha afya, amana ya chumba, tiketi, godoro, vyombo. Vyote vinakuja pamoja. Baba yangu alikuwa na ada kamili, hakuwa na hayo mengine, nikakopa kwa mjomba aliyeko Muscat na nikaja kumaliza deni mwaka wa pili. Na usiweke chakula chako kwenye hesabu ya kibarua. Sheria inakuruhusu saa 20 kwa wiki, tena wakati wa likizo ndefu tu, na katika kazi chache kama migahawa na vituo vya mafuta.

Lugha haitakusumbua. Tunafundishwa kwa Kiingereza, na mgeni analazimika kusoma somo moja la Kimalei. Siku yangu ya kwanza dukani nilitafuta sabuni nikaona bora nibahatishe, nikasema "sabun". Yule mama akaenda moja kwa moja kwenye rafu. Karatasi ni *kertas*, wakati ni *waktu*, dunia ni *dunia*, na mtu akikuuliza "apa khabar?" ameshakuuliza habari yako.

fundi_kilovolti (Morogoro)

Mimi ni zao la China. Nimesoma huko, sasa niko kituo cha kupozea umeme mwaka wa sita. Nakushauri uifikirie kwa uzito, ila ujue unasaini nini.

Ufadhili wa CSC kwa shahada ya kwanza unakutaka usome kwa Kichina. Kama huna HSK (mtihani wa Kichina kwa wageni) ya kutosha, unaanza na mwaka wa lugha, wengine miwili, ndipo ifuate miaka minne ya uhandisi. Ada, bweni na bima ni juu yao, na posho ni yuan 2,500 kwa mwezi. Mimi nilikula mezani pa chuo na kila muhula nikabakiza kidogo cha kumtumia mama.

Mhadhara wangu wa kwanza wa saketi nilitoka kichwa kinagonga. Mwalimu aliandika ubaoni mbio mbio, herufi zimeungana, hazifanani kabisa na zile za kitabu cha lugha. Nilifikiria kurudi nyumbani. Wiki ya pili nikaanza kuyapanga maneno kwenye daftari, nikaona kumbe yanajieleza yenyewe. *Dian* ni umeme. Volteji ni *dianya*, shinikizo la umeme. Mkondo ni *dianliu*, mtiririko wa umeme. Ukinzani ni *dianzu*, kizuizi cha umeme. Nilikaa chini ya taa ya bweni nikaielewa upya sheria ya Ohm niliyokuwa nimeikariri tangu kidato cha tatu.

Leo lugha hiyo inanilisha. Mkandarasi wa Kichina akileta kifaa ambacho michoro yake yote ni ya Kichina, naitwa mimi.

Tatizo lako ni kalenda. Maombi ya CSC hufunguliwa mwishoni mwa mwaka na hufungwa miezi ya mwanzo ya mwaka unaofuata, masomo yanaanza Septemba. Matokeo yako yametoka Julai, kwa hiyo ya mwaka huu yamekupita. Njia zipo mbili: kupitia ubalozi na wizara ya elimu, au kuomba chuoni moja kwa moja. Uwe chini ya miaka 25. Na ile fomu ya afya ya wageni, angalia muhuri wa hospitali ugonge juu ya ukingo wa picha yako. Bila hivyo fomu ni batili. Ukifika na viza ya X1, una siku 30 za kuomba kibali cha ukaazi, usizichezee.

Harbin ni chuo kikubwa, kipo tangu 1920. Januari baridi inafika nyuzi 20 chini ya sifuri na kuzidi. Mtoto wa Tanga ujiandae.

mtoto_wa_Skudai

Kaka fundi, nakuheshimu, lakini mwambie ukweli wote. Mwaka wa kusubiri, mwaka wa lugha, miaka minne: huo ni mwaka wa 6. Mimi kwa muda huo nitakuwa kazini.

fundi_kilovolti

Ni kweli, ni 6. Lakini hiyo mitano ya kule baba yake halipi ada. Kwa nyumba ya fundi magari na muuza vitenge, hilo nalitanguliza kuliko mwaka mmoja au miwili ya kuchelewa.

mama_wa_Changamwe (Mombasa)

Hamjambo wanangu. Mimi ni mzazi. Binti yangu yuko Malaysia, chuo kingine cha ufundi cha umma, si hicho cha Skudai.

Yeye alimaliza KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari kwetu Kenya, akaambiwa aanze na mwaka wa foundesheni kabla ya uhandisi. Mwaka mzima, na malipo yake. Wewe una kidato cha sita, mwanangu, hilo limekuvusha mto ambao sisi tulilipa kuuvuka.

Lililotuchelewesha ni herufi moja. Cheti cha kuzaliwa kiliandikwa "Mwanaisha", cha shule "Mwanaishah". Tuliona ni jambo dogo. Chuo kikakubali, viza ikarudishwa. Nikazunguka kwa wakili kuapa, nikatuma, ikarudi tena kwa sababu pasipoti nayo ilifuata cheti kimoja na kuacha kingine. Miezi miwili, binti analia kila jioni, masomo yashaanza. Kabla hujafanya lolote, tandika mezani cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na matokeo ya cha sita, usome jina lako herufi kwa herufi. Mtu mwingine asome nawe.

Na huyo wakala achana naye. Nilimlipa wa kwetu, fomu nikaja kuzijaza mwenyewe.

daejeon_usiku

Niko Daejeon nasoma shahada ya pili. KAIST ilianzishwa 1971, mafunzo kwa sehemu kubwa ni kwa Kiingereza, na mwanafunzi wa kigeni wa shahada ya kwanza mwenye ufadhili wa chuo halipi ada na anapata won 350,000 kwa mwezi. Chakula kinatosha, anasa hapana. Wastani ukishuka chini ya kiwango, ufadhili unakatika.

Nitakwambia kama ninavyomwambia mdogo wangu wa damu: kwa B, B, C mlango ni mwembamba. Hapa unashindana na waliopata medali za olimpiadi za hisabati. Wanasoma pia insha na barua za walimu, kwa hiyo kama umewahi kutengeneza kitu kwa mikono yako, hata inveta iliyowasha taa za nyumba moja, kiandike kwa undani. Usiiombe KAIST peke yake. Tazama UNIST ya Ulsan na GIST ya Gwangju, nazo ni za umma. Kuna pia ufadhili wa serikali, GKS, ambao una mwaka wa Kikorea kwanza na lazima ufikie daraja la 3 la TOPIK, mtihani wa Kikorea kwa wageni.

mwana_Unguja

Samahani naongeza la pembeni. Asia imeshakuja mlangoni: IIT Madras ya India ilifungua kampasi Bweleo hapa Unguja mwaka 2023. Ila shahada yake ya kwanza ilianza na sayansi ya data na akili unde, si umeme unaoutaka wewe. Ukitaka uhandisi umeme kwenye IIT za India kwenyewe, kuna mtihani wa JEE Advanced. Mgeni anaruhusiwa kuufanya bila kupitia JEE Main, lakini ni mtihani wa kujiandaa mwaka mzima.

mhandisi_mstaafu

Wajukuu zangu, mmezungumza vizuri, ila swali lake la tatu hamjaligusa.

Mwaka 1989 vyombo vya uhandisi vya nchi kadhaa viliingia Mkataba wa Washington, wa kutambuliana shahada za uhandisi. Korea ilikubaliwa uanachama kamili mwaka 2007, Malaysia 2009, India 2014, China 2016. Tahadhari: ithibati hutolewa kwa programu, si kwa jina la chuo. Chuo kimoja kinaweza kuwa na uhandisi umeme wenye ithibati na programu jirani isiyo nayo. Kwa Malaysia orodha iko kwa baraza lao la ithibati ya uhandisi, EAC. Tafuta jina la programu yako neno kwa neno, pamoja na mwaka utakaoingia.

Ukirudi, TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) itautambua usomi wako, ndipo uende Bodi ya Usajili wa Wahandisi uandikishwe mhandisi mhitimu na uingie SEAP, mafunzo ya kazini ya wahandisi wahitimu, ya miaka 3. Nimekaa na vijana wengi waliorudi na cheti kizuri na hawana maelezo ya walichosoma. Kila muhula ukiisha, chukua muhtasari wa kila somo wenye muhuri wa idara, uhifadhi. Ukihitaji baada ya miaka mitano, mwalimu amehama na ofisi haikujui.

Na gridi ile unayoitaka inasomwa maabara. Andikia idara, uliza wana maabara ya volteji kubwa na kama wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaigusa. Jibu lao litakusaidia kuliko nafasi ya chuo kwenye orodha za dunia.

kijana_wa_PCM

Asanteni sana, shikamoo mzee. Jana usiku tumekaa na wazee mpaka saa sita.

Wakala nimemkataa. UTM nimewaandikia nikiomba wanipe kwa maandishi gharama zote za muhula wa kwanza, na nimeuliza la maabara. Uhandisi umeme wao nimeukuta kwenye orodha ya EAC. Baba amesema jumla ikizidi akiba yetu, naanza chuo cha nyumbani, na kama ni Dar nitasoma Kichina jioni kwenye Taasisi ya Confucius iliyopo UDSM, dirisha la CSC likifunguka niombe nikiwa na HSK. Korea nitajaribu GKS na UNIST.

Mama wa Changamwe, Mungu akubariki. Tumetandika vyeti mezani: cha kuzaliwa kimeandikwa "Athuman", NECTA (baraza la mitihani) wameandika "Athumani". Pasipoti bado sijaomba. Nianzie wapi?

mama_wa_Changamwe

Alhamdulillahi, afadhali umeliona mapema. Usiombe pasipoti kwanza.

fundi_kilovolti

Anzia RITA, wanaotoa vyeti vya kuzaliwa. Jina la NECTA ni gumu kubadilika, basi hivyo vingine ndivyo vilifuate. Nenda na cheti cha kuzaliwa cha asili, cha kidato cha nne, na mzazi mmoja, ueleze unataka kurekebisha jina. Likishakaa sawa, angalia na la NIDA (kitambulisho cha taifa), halafu ndipo ulipie pasipoti, 150,000. Nenda Jumatatu asubuhi, na mzazi awe na kitambulisho chake.