Gurudumu la mbele linalia ukikata kona: lako lilikuwa na nini? Tupeane uzoefu

Mleta mada
Wakuu, habari za saa hizi. Naendesha Fuso la tajiri, tani 7, nabeba mahindi kutoka Sumbawanga. Wiki ya pili sasa gurudumu la mbele kulia linapiga kelele nikikata kona. Nikinyoosha, kimya. Gari likiwa tupu sauti ni ndogo, nikipakia ndiyo balaa: kwanza linalia kama mlango mkavu, halafu "ko!" moja naisikia mpaka viganjani kwenye usukani. Fundi akasema beringi. Tumefunga mpya, sauti iko palepale, na tajiri anahisi nagawana hela na fundi. Kabla sijamwomba ya spea nyingine, aliyewahi kukutana na hili aseme ilikuwa nini. Wa kukisia wapumzike.

Mzee wa Kitonga
Pole kijana. Beringi ikianza kufa inaunguruma, haigongi. Yangu ilikuwa ya kulia vilevile. Nikikata kushoto mngurumo unapanda maana uzito unaegemea kulia, nikikata kulia unashuka. Nikadhani tairi limeliwa vibaya, nikaendelea. Kufika Ruaha Mbuyuni, chini ya mlima Kitonga, nashuka, nagusa kapu (kile kitovu cha gurudumu kinachokaa beringi) kwa nyuma ya mkono, nusura niache ngozi. Na msiniambie ni breki za mlimani, gurudumu la pili nililigusa likawa na joto lake la kawaida tu. Yako mimi nahisi king pini, ile pini nene ambayo gurudumu la mbele linageukia ukikata kona.

Utingo mstaafu
Sisi tulinunua tairodi endi mbili, vile viungo vya ncha za fimbo ya usukani. Kuvua gurudumu, kijiwe cha kokoto kimekaa kati ya drami ya breki na bati lake la nyuma. Nimemaliza.

Lori la Mchanga, Mombasa
Langu lililia hata nikinyonga stelingi gari limesimama. Makanika akatia grisi, likalia. Akatia tena, likalia. Siku moja mzee mmoja anatutazama, akauliza mbona mwatia grisi gari liko chini? Uzito wote umekandamiza beringi ya king pini, grisi itapenya wapi? Tukainua ekseli kwa jeki, tukatia upya mpaka ile chafu ikatoka, nyeusi, ina vichembe vya chuma ukiisugua vidoleni. Likanyamaza miezi miwili. Lakini vile vichembe ndivyo vilivyokuwa bushi yenyewe (kile kibomba kinachoishika king pini), mwisho nikabadilisha tu.

Fundi wa magari mazito
Mleta mada, usinunue kitu. Zuia magurudumu ya nyuma kwa magogo, piga jeki ekseli tairi lielee, weka stendi. Shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, mwambie utingo akanyage breki na asiachie (kama breki zako ni za upepo, hakikisha upepo umejaa), kisha tikisa tena. Breki ikishika, drami inakuwa kitu kimoja na kile kipande kinachobeba gurudumu, beringi haina pa kuchezea. Likitulia, ni beringi. Likiendelea kucheza, ni king pini na bushi zake. Halafu shika kushoto na kulia, hapo tairodi endi ikiwa imechoka utaiona. Dakika kumi, hela sifuri. Sauti ya gurudumu inasafiri kwenye chuma, usiamini sikio peke yake.

Mwenye pikapu
Kwenye 4x4 mambo ni mengine, "ta-ta-ta-ta" inayofuata mzunguko wa tairi ukikata kona kali ni sivi jointi, kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye tairi la mbele. Yangu buti, ule mfuko wa mpira unaoifunika, ilipasuka, mchanga ukaingia. Fuso lako halina kitu hicho mbele, asije mtu akakuuzia.

Mleta mada
Nimerudi. Leo asubuhi utingo kakanyaga breki, mimi natikisa, tairi linacheza vilevile. Nikaweka kidole kwenye maungio pale chini ya king pini, nasikia chuma kinavyopanda na kushuka. Nipeli ya chini, ile chuchu ya kutilia grisi, imezibwa na matope yaliyokauka kama saruji, kumbe kila siku tulikuwa tunatia grisi ya juu peke yake. Nikampigia tajiri kwa video nikatikisa mbele ya macho yake. Kasema tubadilishe pande zote mbili.

Ile beringi ya zamani ninayo, nzima kabisa. Fundi wa kwanza ananiuliza kama naiuza.